Mwanangu, usiyasimamishe maisha mpaka siku ya oparesheni

Assalaam aleikum binti yangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma, nikaurudia tena baada ya swala ya alfajiri, ndo nimekaa sasa nikujibu vizuri maana kwenye simu tunakatikiana sana na we kila saa unawahi zamu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mama huu mwaka wa pili nipo kwenye foleni ya oparesheni ya kupunguza uzito, kila barua ikija toka hospitali inasema bado upo kwenye listi, nivumilie vipi nisichanganyikiwe? La pili, je nisije kwenye harusi ya mdogo wangu, nije mwakani nikishapungua?

La pili nalijibu kwanza maana ndo limeninyima usingizi. Njoo. Njoo na kilo zako hizo hizo. Idi ya mwaka jana ulisema utakuja ukipungua, msiba wa mjomba ukasema hivyo hivyo, na picha siku hizi unatuma uso tu. Bibi yako anakuulizia kila nikimpelekea uji, na umri wa bibi yako unaujua. Mi naona hicho ndo kinachokutesa kuliko foleni yenyewe, kila kitu umekiweka ng'ambo ya oparesheni, kozi ya unesi mpaka oparesheni, yule kijana anayekuulizia mpaka oparesheni, nyumbani mpaka oparesheni, sasa foleni ikienda polepole na maisha yote yanakwama nayo hapo hapo. Lazima uchoke mama, mtu yeyote angechoka.

Haya tuje kwenye foleni. Umeandika kwamba wakati mwingine unahisi unachukua nafasi ya mtu mgonjwa zaidi yako. Hilo litoe kichwani leo. Vigezo vya huko Uingereza ulinitumia mwenyewe nikavisoma mpaka mwisho, BMI, yaani kilo zako ukigawa kwa urefu wa mita mara urefu, iwe 40 na kuendelea, au 35 kama una ugonjwa unaotokana na uzito kama sukari, na kwa watu wenye asili ya Afrika wanashusha kwa 2.5 kwa sababu kwetu sukari na presha huanza kwenye uzito mdogo zaidi. Wewe una kilo 118 na urefu wa mita 1.65, piga hesabu inakuja 43, na sukari unayo, na presha unayo, na usiku unalala na mashine ya hewa maana pumzi inakukatika usingizini. Unastahili kabisa.

Na wale watakaokuambia ufumbe mdomo tu utapungua, usibishane nao ila wewe ujue ukweli. Mwili ukishazoea uzito mkubwa unaupigania. Ukipunguza chakula, homoni ya njaa inapanda, ile inaitwa grelini inatoka zaidi kwenye mfuko wa chakula sehemu ya juu, na mwili unaanza kutumia nguvu kidogo kuliko mwanzo, ndo maana zile kilo 14 ulizozitoa kwa dayati mwaka ule zilirudi zote na nyingine juu yake, na we ukalia ukasema huna nidhamu. Nidhamu unayo, mtu asiye na nidhamu hafanyi zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee miaka yote hiyo. Kwenye oparesheni ya kukata mfuko wa chakula wanatoa karibu robo tatu yake na zaidi, na ile sehemu inayotoa grelini nyingi inaondoka nayo, kwa hiyo njaa yenyewe inashuka, sio kwamba tumbo tu limekuwa dogo. Ni matibabu kama matibabu mengine, Marekani walianza aina ya kupitisha chakula pembeni ya sehemu kubwa ya mfuko wa chakula mwaka 1966, mi nilikuwa bado sijazaliwa.

Sasa kukaa kwenye foleni. Huku kwetu mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa hazivuti dagaa mbele ya mbalamwezi, ukipita Kibirizi hapa Kigoma siku hizo unawakuta wamekaa na nyavu wanaziba matobo, wanaziba mitumbwi, mwezi ukififia wanaondoka jioni ile ile bila kutafuta kitu. Na wewe zipo kazi za kufanya sasa hivi ambazo zitakusaidia siku yenyewe, na nyingine daktari hawezi kukufanyia.

Kubwa kuliko zote ni ini. Wamekuambia wiki 2 kabla ya oparesheni utakula chakula kidogo sana, kalori 800 mpaka 1000 kwa siku, na we ukaniuliza ni adhabu ya nini. Mama yako nimefanya kazi chumba cha upasuaji mpaka nikastaafu, ini lenye mafuta nimeliona kwa macho haya, linakuwa kubwa, limepauka lina rangi ya manjano manjano, kingo zake zimevimba, na upande wake wa kushoto umelala juu ya mfuko wa chakula. Daktari anaingia kwa vitundu vidogo na kamera, inabidi alinyanyue lile ini ndo afike anapofanyia kazi. Likiwa kubwa na laini linachanika na kuvuja damu, au anashindwa kabisa kufika, anaahirisha au anapasua tumbo kwa kisu kirefu. Ukila kidogo wiki hizo sukari iliyohifadhiwa kwenye ini inatumika na maji yake yanatoka na mafuta yanaanza kupungua, ini linasinyaa haraka kuliko hata uzito wenyewe. Kwa hiyo zile wiki 2 zichukue kwa moyo wote, na anza kujizoesha mapema, maana kijiko kimoja kikubwa cha mawese peke yake kinakaribia kalori 120, utaona siku inaisha haraka kiasi gani kama hujazoea kupima.

Kula polepole nako kuanze leo. Sisi tumelelewa kwenye sinia, mnakula wengi mkono unaenda haraka na huwezi kujua umekula kiasi gani. Chukua kisahani cha kikombe na kijiko cha chai, tonge dogo, tafuna mpaka lilainike kabisa, weka kijiko chini, ndo uchukue lingine. Maji usinywe na chakula, acha nusu saa. Ukishafanyiwa, tonge kubwa linakwama kifuani linauma au unatapika, mtu aliyejifunza kabla hapati tabu sana. Na anza na kitoweo kwanza, wanga baadaye, kwa sababu baada ya oparesheni nafasi ni ndogo na protini ndo inalinda misuli. Hapo watu wa Kigoma tumebarikiwa, dagaa wetu ni protini na wanaliwa na mifupa yake kwa hiyo na madini ya kalsiamu unapata, nitakufungia wale wakavu wasio na mchanga, we wakaange kwa nyanya na kitunguu na mafuta kidogo sana, usinipikie kwenye mawese kama bibi.

Soda na vinywaji vya gesi acha pole pole kuanzia sasa. Mashine ya usiku ivae kila siku hata ukichoka, mapafu na moyo vikipumzika usingizini dawa ya usingizi siku ya oparesheni inakuwa salama zaidi. Tembea, hata kama ni mpaka kituo cha basi na kurudi, goti likiuma fanya mazoezi ya kukaa kwenye kiti.

Kuhusu barua zinazosema bado upo kwenye listi. Umeniambia kila ikija unaagiza chakula usiku huo unakula mpaka unaumwa, na asubuhi unajichukia. Mama, barua ikija usiifungue ukiwa peke yako usiku. Iache mpaka asubuhi, nipigie tuifungue wote, tofauti ya saa mbili tatu sio kitu mi naamka mapema. Na usikae tu kungoja barua. Kila mwezi piga simu kwa yule mratibu wa listi, muulize kwa upole, je anwani yangu na namba ya simu ni sahihi, je kuna kipimo bado sijafanya, damu, kamera ya tumbo, kipimo cha usingizi, na je unaweza kuniweka kwenye wale wanaopigiwa ghafla mtu akishindwa kuja. Andika jina lake na tarehe kwenye daftari. Nimeona wagonjwa wengi wanacheleweshwa na karatasi moja tu iliyokosekana, na hakuna aliyewaambia. Kama moyo unazidi kuwa mzito mwambie yule mwanasaikolojia wa timu yenu ukweli wote, pamoja na hayo ya kula usiku. Unaogopa watakutoa kwenye listi, lakini wakijua sasa wanakusaidia sasa, wakija kujua baada ya oparesheni itakuwa ngumu zaidi kwako.

Halafu Uturuki. Najua mwenzako wa kazini kaenda, karudi baada ya siku chache kapungua na hela ilikuwa kidogo, na we umeanza kuhesabu akiba. Sisemi madaktari wa kule hawajui kazi. Ninachoogopa ni baada ya hapo. Pale walipokata na kubana panaweza kuvuja siku kadhaa baadaye wakati we umesharudi, umelala na homa na tumbo linauma na aliyekufanyia yupo nchi nyingine. Huko ulipo utaratibu wao ni kukufuatilia miaka 2 kwenye kliniki hiyo hiyo, damu, vitamini, lishe, na baada ya hapo unapimwa kila mwaka maisha yote, kwa sababu vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu vinashuka kimya kimya. Hiyo huduma ndo unayoingojea wewe, sio kisu peke yake. Hata hapa nyumbani, hospitali ya Mloganzila kule Dar, siku hizi wanaweka puto tumboni, watu wanapungua, lakini puto linatolewa na kwa uzito wako na sukari yako timu yako imeshapanga kingine, baki nao. Kama hujawauliza kuhusu zile sindano za kupunguza hamu ya kula wakati unangoja, waulize wao, usinunue mitandaoni.

Na kuhusu kuolewa na watoto, wanashauri usishike mimba miezi 12 mpaka 18 baada ya oparesheni. Kwa hiyo yule kijana mwambie ukweli mapema, akae akijua. Akikimbia umeokoa muda.

Sasa safari. Waambie hospitali tarehe zako kabla hujakata tiketi. Na kama watakupa tarehe ya oparesheni wiki hiyo hiyo ya harusi, unaahirisha safari, huahirishi oparesheni, mdogo wako nimeshaongea naye na kaelewa bila hata kumwambia kwa nini. Kwenye ndege ukipanda tu mwambie mhudumu kwa sauti ya chini akupe mkanda wa nyongeza, wanao na wanatoa kila siku, na ile ya Dar kuja Kigoma muombe pia. Simama utembee kila baada ya muda, kunywa maji, miguu isigande damu. Mashine ya usiku ibebe mkononi, plagi zetu ni hizo hizo za Uingereza. Ukifika huku goti likiuma usinunue diklofenaki dukani, inapandisha presha, na baada ya oparesheni ndo kabisa inaleta vidonda tumboni, utumie panadoli tu.

Watu watasema. Huku unene bado ni sifa, shangazi zako watakuambia Ulaya imekukubali, na watakurundikia pilau. Wengine watanong'ona. Mambo ya oparesheni nimemwambia baba yako peke yake, na yeye kanyamaza siku nzima halafu akasema mtoto aje nimuone. Huna deni la kumuelezea mtu mwingine. Sahani yako nitapakua mimi, na atakayekuulizia kilo zako nitamjibu mimi.

Sare za familia tumechagua kitenge cha kijani na njano, nimeshanunua na chako, nimekata doti mbili ili fundi asibane. Fundi wa pale Mwanga anataka vipimo vya wote kufikia Ijumaa. Muombe mwenzako akupime vizuri, kifua, kiuno, nyonga, mkono na urefu mpaka kwenye kifundo, na usipunguze hata sentimita moja kwa kudhani utakuwa umepungua mpaka siku hiyo. Nataka kikukae mwilini ulivyo sasa hivi, upige picha mzima, kuanzia kichwa mpaka miguu, umekaa katikati yangu na bibi yako.

Mama yako,
Ujiji