Shule ya jirani au ya mchepuo wa Kiingereza?

Dada yangu wa Makorora, Tanga, umeuliza ikiwa mwanao aanze darasa la kwanza katika shule ya serikali iliyo jirani au shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza iliyo mbali. Matokeo ya darasa la saba ya kila shule, yanayotangazwa na Baraza la Mitihani, yatazame kwa miaka kadhaa pamoja na idadi ya watahiniwa, kwa kuwa shule yenye watahiniwa wachache hupanda na kushuka upesi. Mimi, hata hivyo, ningetanguliza madarasa ya chini, ambako kusoma, kuandika na kuhesabu hujengwa au huharibika: mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe madaftari ya darasa la pili, uone kama yanasahihishwa. Katika shule za serikali, elimu bila ada inatekelezwa tangu 2016, ingawa chakula huweza kuhitaji mchango. Kwa ile binafsi, jumlisha ada na nauli.