Machozi yasiyokoma wakati wa tibakemikali

SWALI: Mama yangu, ninayeishi naye Lamu, anatibiwa saratani ya titi Mombasa kwa dosetakseli ya kila wiki. Sasa macho yake yanatiririka machozi kutwa, hata akiwa chumbani. Majirani wanasema ni upepo wa kusi, na duka la dawa limempa matone. Je, aiache dawa?

JIBU: Asiiache wala asiruke dozi kabla ya kuzungumza na daktari wake wa saratani, ila mazungumzo hayo yasicheleweshwe. Dosetakseli, hasa ikitolewa kila wiki, inajulikana kwa tatizo hili: dawa huingia ndani ya machozi yenyewe, hupita nayo katika vijifereji vinavyoyapeleka puani, na kuvifanya vivimbe, vipate makovu na hatimaye vizibe. Aliyewashwa na upepo kwa kawaida hupata nafuu akiingia ndani. Mama yako hapati, na hilo linanifanya niushuku mfereji kwanza.

Ukilivuta kidogo kope lake la chini penye mwanga, utaona ukingoni, karibu na pua, kitundu kidogo mno kilicho juu ya kijiinuko. Huo ndio mlango wa mfereji. Kuutazama tu hakutoshi, kwa hiyo daktari wa macho hutia matone ya ganzi, kisha hupitisha maji ya chumvi kwa sindano butu: njia ikiwa wazi, mgonjwa huonja chumvi kooni, ikiwa imeziba, maji humrudia jichoni. Njia iliyobana tu inaweza kuwekewa mirija myembamba ya silikoni ili isizibe, lakini ikishaziba kabisa, mara nyingi hubaki upasuaji wa kufungua njia mpya ya kuelekea puani, nami nisingependa mgonjwa aliyekwisha kuchoshwa na tiba afikishwe huko. Daktari wa saratani naye anaweza kuamua kutoa dawa kila wiki 3, jambo ambalo pia lingempunguzia mama safari za boti hadi Mokowe na basi hadi Mombasa.

Kuhusu matone, soma kibandiko. Yakiwa na deksamethasoni, prednisoloni au steroidi nyingine, asiyatumie bila idhini ya daktari wa macho, kwani yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuficha maambukizi. Ni kweli kwamba wanaopewa sitarabini, dawa ya saratani za damu, kwa dozi kubwa hutiwa matone ya aina hiyo makusudi ili kukinga kioo cha mbele cha jicho (konea), lakini hiyo ni dawa nyingine na hali nyingine. Machozi bandia yasiyo na kihifadhi hayana neno, ingawa hayazibui mfereji. Wanja auweke kando kwa sasa.

Iwapo atahamishiwa paklitakseli, jamaa ya dosetakseli, ajue kwamba mara chache hiyo huvimbisha kitovu cha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mistari ya mkeka ikianza kuonekana imepinda, aseme mapema. Na jicho likiwa jekundu lenye maumivu au usaha, kona yake ya ndani ikivimba, au uwezo wa kuona ukipungua ghafla, hasa pakiwa na homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu tibakemikali hupunguza chembe nyeupe za damu na maambukizi huweza kuenea haraka.