Eda iliyokwisha kabla ya habari

Swali lenu la wiki: "Ukipewa kibao kimoja cha kumbukumbu, mjini kwenu ungekiweka wapi, na kiwe cha nani?"

Mimi ni wa Tanga, na najua watakaonitangulia watataja vita vya Novemba 1914, Waingereza walipokuja kwa meli na Wajerumani wakawarudisha baharini, nyuki nao wakaingilia. Hao wana makaburi yao tayari. Kibao changu kiende bandarini, kiwe cha kaka yake babu yangu, baharia wa meli ya mizigo.

Hakuwa askari. Kazi yake ilikuwa kamba. Kabla ya safari ya mwisho aliunga kamba ya kisima cha uani kwetu Ngamiani, iliyokuwa imekatika, na hakupiga fundo hata moja. Alizifumua ncha mbili kwa kijiti chake cha mti mgumu, akazipitisha nyuzi za huku katikati ya nyuzi za kule, akavuta, akasugua kwa kiganja. Nimesimuliwa kwamba ukifumba macho na kupitisha mkono, hujui ilipokatikia. Kamba yenyewe ya mkonge, mkonge wa hapa hapa. Wajapani walipoingia Manila, Ufilipino, mwanzoni mwa 1942, katani ya huko ikawa haipatikani tena, na kamba za meli zikategemea mashamba kama ya kwetu. Basi tishari zikawa haziishi kupeleka marobota kwenye meli zilizotia nanga ghubani. Katika moja ya meli hizo alipanda.

Juni na Julai mwaka huo nyambizi za Kijapani zilivizia kwenye mlango wa Msumbiji, kati ya bara na Bukini, yaani Madagaska, zikazamisha meli zaidi ya 20. Yake ilikuwa mojawapo.

Mkewe, tuliyemwita Bibi Mkubwa, aliletewa barua na karani wa wakala. Mistari miwili. Alisomewa, akasema, "Barua si maiti," akaendelea na shughuli zake. Alipaka hina, akaenda harusini, akapika futari ya watu wawili. Watu walimsema, bila shaka. Tanga haikosi wa kusema.

Miezi ikapita, mpaka serahangi wa meli ile, yaani msimamizi wa mabaharia, aliyeokolewa kwenye mashua, akaja Ngamiani kwa miguu yake. Alikaa barazani akaeleza alichokiona, siku na saa. Bibi Mkubwa akaenda kwa kadhi kuuliza aanze lini eda. Kadhi akahesabu kwa vidole, akamwambia: "Eda yako imekwisha, mama. Huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si siku uliyopata habari. Miezi minne na siku kumi imeshapita."

Ndiyo sheria, na kadhi hakukosea. Lakini hebu fikirini: eda yake yote aliikaa na hina mikononi. Alirudi nyumbani, akavua vipuli, akafunga mlango, akakaa miezi minne na siku kumi ambayo hakuna aliyemdai. Babu alikuwa akimpelekea maji hadi mlangoni, ameyateka kwa kamba ile ile.

Niliposoma baadaye kwamba hadi 1941 mkataba wa baharia wa meli za Uingereza ulikuwa ukikoma siku meli ilipozama, hata kama bado yuko kwenye mashua anapiga makasia, nilielewa kwa nini wazee wetu waliitazama ajira ya meli kwa jicho moja. London, pale Tower Hill, kuna majina ya karibu 36,000 wa meli za biashara na za uvuvi wasio na kaburi ila bahari. Ni jambo jema. Lakini wa Ngamiani haendi London kumsomea mtu Fatiha.

Kwa hiyo nakitaka ukutani, pale wanapopita makuli asubuhi, na ghuba ionekane. Jina lake, neno "baharia", na tarehe aliyoitaja serahangi. Jina la mkewe liwe chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule. Ila kisiwe cha bati, tafadhali. Upepo wa chumvi pale hauachi bati.