Must, must not na wenzake: ushauri kwa anayeandika Kiingereza cha kazini

Kama kuna neno la Kiingereza ambalo karibu kila mtu anaamini analijua na bado linamharibia mambo, basi ni "must". Tulifundishwa must ni lazima, tukaandika kwenye daftari, tukasonga mbele. Na kwa sentensi ya kawaida haina neno, "you must pay" ni lazima ulipe, hapo sawa kabisa. Shida inaanza ukiweka "not", inaendelea ukiongelea jambo la jana, na inafika kwenye hela za watu ukishika mkataba. Mi kazi yangu ni kutafsiri nyaraka na pia nafundisha watu wazima Kiingereza cha kazini, kwa hiyo haya mambo nakutana nayo kila wakati na naulizwa sana, ndo maana nimeona niyaandike yote sehemu moja.

Nianze na kukanusha maana hapo ndo watu wanaumia zaidi. Kwa Kiswahili lazima ukiikanusha unapata si lazima, na si lazima maana yake una hiari, ukitaka fanya, hutaki acha. Sasa mtu anaichukua ile si lazima anaipeleka Kiingereza hivohivo ilivyo, anaandika "must not", kumbe "must not" ni katazo, ni ile "usi" yetu ya usiende usiguse usiseme. "You must not come tomorrow" ni usije kesho, ni marufuku kuja kesho. Wakati alichotaka kusema ni "you don't have to come tomorrow", yani si lazima uje, ukija sawa usipokuja pia sawa.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kumwandikia mwenzake wa timu ambaye hajui Kiswahili, alitaka kumpunguzia mzigo maana yule mwenzake alikuwa na kazi nyingi wiki ile, akamwandikia "you must not attend the meeting". Nia nzuri kabisa. Mwenzake akasoma akaelewa amefukuzwa kwenye kikao, akakaa kimya, hakuja, afu siku zilizofuata akaanza kumuuliza bosi kwanini kuna mambo ya projekti anafichwa. Ugomvi mzima ulitokana na maneno mawili na hakuna hata mmoja aliyejua chanzo mpaka ule ujumbe ulipofunguliwa ukasomwa tena.

Kwenye kikao mtu atakasirika tu, ila fikiria maelekezo ya dawa. "You must not take this with alcohol", usinywe na pombe. "You don't have to take this with food", si lazima uwe umekula. Ukizichanganya hizi mbili unamkataza mtu kitu kisicho na madhara au, mbaya zaidi, unamruhusu kitu cha kumuumiza. Ndo maana mi nasisitiza sana hili hata kama wengine wanaona ni mambo ya grama tu.

Njia ninayowapa wanafunzi ni hii: kabla hujaandika, sema sentensi yako kwa Kiswahili kwanza, tena kwa sauti kama uko peke yako. Ukisikia "usi" au "asi" au "marufuku", andika must not. Ukisikia "si lazima", "hamna haja", "sio mpaka", andika don't have to, au needn't, au don't need to, zote tatu zinakubalika, ya kwanza ndo ya kawaida zaidi, needn't ni ya Waingereza zaidi kuliko Wamarekani. Wala huhitaji kukariri kanuni nyingine, sikio lako la Kiswahili linajua tofauti hii tangu utotoni.

Mtu atauliza sasa kwanini Kiingereza kinafanya hivyo, si wangeacha must not iwe kinyume cha must tu. Sababu iko kwenye historia ya neno na mi naipenda sana hii historia. Kwenye Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi "motan", na kazi yake kubwa haikuwa kulazimisha, ilikuwa kuruhusu: kuwa na ruhusa, kuweza. Ukikikanusha unapata "huna ruhusa", na hiyo ndo maana iliyobaki ndani ya must not mpaka leo, huku must yenyewe ikihamia kwenye ulazima. Afu "must" imetokana na "moste", ambayo ilikuwa hali ya wakati uliopita ya hicho kitenzi, kwa hiyo ni neno la wakati uliopita lililogeuka kuwa la sasa, na ndo maana leo halina wakati uliopita wa kwake. Wajerumani wana ndugu yake, "müssen", na wao wakisema "du musst nicht" wanamaanisha si lazima, kama sisi kabisa, kwa hiyo Mjerumani anayejifunza Kiingereza naye anajikwaa palepale tunapojikwaa.

Basi twende kwenye wakati uliopita. Must haina "musted", haina "to must", haina "will must", haipokei s wala haifuatwi na "to", hayo ni ya haraka na vitabu vyote vinayo. Ukitaka jana unatumia "had to", ukitaka kesho "will have to". "I had to leave early", ilinibidi niondoke mapema. Ila watu wanaona "must have" wanafikiri ndo wakati uliopita wa lazima, na hapo panahitaji utulivu, maana "must have" ni kukisia kwa uhakika, sio wajibu.

Angalia sentensi hizi tatu. "He had to pay", ilibidi alipe, na kwa kawaida tunaelewa alilipa. "He must have paid", lazima atakuwa amelipa, yani mimi sikuona ila dalili zote zinaonyesha. "He should have paid", alipaswa kulipa, na ukimsikia mtu anasema hivi ujue mara nyingi hakulipa. Ni tofauti kubwa sana ukiwa unaandika ripoti ya tukio au maelezo ya shahidi. Nimeshapitia maelezo ambayo mtu aliandika "the guard must have locked the gate" akitaka kusema mlinzi alitakiwa kufunga geti, na msomaji wa upande wa pili akaelewa kwamba mwandishi anaamini geti lilifungwa. Kinyume kabisa cha alichokuwa analalamikia! Hapo "was supposed to lock" au "should have locked" ndo ingesimama.

Habari njema ni kwamba hii must ya kukisia sisi tunayo tayari. Tunasema "lazima atakuwa amechoka", "lazima yupo ndani, taa zinawaka", na hakuna anayefikiri tunamlazimisha mtu kuchoka. Kwa hiyo "she must be tired" haina ugumu. Ugumu mdogo uko kwenye kinyume chake, maana ukiwa na uhakika kwamba kitu sio kweli Kiingereza mara nyingi hakisemi "must not be", kinasema "can't be", na sisi pia tunasema "haiwezi kuwa yeye". Umeona? "It can't be him", haiwezi kuwa yeye. Lugha zinakutana zenyewe hapo, usizisumbue.

Kuhusu must na have to kwenye sentensi za kukubali, zisizo na "not", vitabu vingi vinasema must inatoka moyoni mwa msemaji na have to inatoka nje, kwenye sheria au kwa bosi. "I must call my mother", mwenyewe nimejisikia. "I have to wear a uniform", nimeambiwa na kazi. Hii tofauti ipo, hasa kwa Waingereza, na ukiifuata hutaharibikiwa, ila usiifanye sheria ya chuma maana kwenye mazungumzo ya kila siku watu, hasa Wamarekani, wanatumia have to kwa yote mawili. Waliolinganisha maandishi ya Kiingereza ya 1961 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta must inapungua. Ushauri wangu kwa anayeanza kuongea: tumia have to kwenye maongezi, must iache kwa maandishi rasmi, kwa kukisia, na kwa ukarimu.

Ndio, ukarimu. Mtu akikwambia "you must visit us" au "you must try this" hakulazimishi, anakukaribisha kwa moyo mmoja, kama sisi tunavyosema "lazima uje nyumbani bwana". Must inapokuwa kwa faida ya anayeambiwa inasikika tamu. Inapokuwa kwa faida ya anayesema inasikika kama amri, na hili ndo linaharibu imeili nyingi ninazoletewa kurekebisha. "You must send me the report today" kwa meneja wako au kwa mteja, hata ukiweka "please" mbele, inasikika umesimama juu ya kichwa chake. Kwa Kiswahili tusingemwambia mtu tunayemheshimu "lazima unitumie leo", tungesema naomba unitumie, au kama hali inabana, itabidi tuipate leo. Basi fanya vilevile, "could you please send me the report today", na kama kuna sababu itaje, "we need it before five". Na ile "must you...?" ya kuuliza, kama "must you shout?", sio swali la kutaka kujua, ni kulalamika, yani ni lazima upige kelele kweli? Ukitaka kuuliza kwa amani sema "do you have to".

Sasa mikataba na kanuni, ambako ningependa mtu asome polepole kuliko sehemu zote. Huko maneno yamegawana daraja. Mfano mzuri ni Highway Code, kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kilichotoka mara ya kwanza 1931. Ndani yake ukikuta MUST au MUST NOT kwa herufi kubwa ujue nyuma yake kuna sheria na ukivunja ni kosa. Ukikuta "should" ni ushauri, kutoufuata pekee hakukupeleki mahakamani, ila huko kutoufuata kunaweza kutumiwa kama ushahidi dhidi yako kesi ikiwepo. Mtafsiri anayeandika "lazima" kwa zote mbili amefuta tofauti hiyo yote, kwa hiyo mi must naipa lazima au sharti, should naipa inapaswa au inashauriwa.

Watu wa intaneti nao walikaa wakakubaliana. Mwaka 1997 ilitoka hati fupi, RFC 2119 ya Scott Bradner, inayosema kwenye viwango vyao MUST na SHALL ni sharti lisilo na mjadala, SHOULD unaweza kuiacha ukiwa na sababu ya maana na umeelewa madhara yake, MAY ni hiari. 2017 ikaja nyingine, RFC 8174, kufafanua kwamba maana hizo ni kwa herufi kubwa tu. Kwenye hati za ISO, shirika la kimataifa la viwango, mambo ni tofauti tena, sharti linaandikwa "shall" na wanakataza kuweka must badala yake. Kwa hiyo neno lilelile linabadilika uzito kwa kutegemea nani kaandika, na ukurasa wa maelezo ya maneno ambao wengi wanauruka ndo wa kusoma kwanza.

Hiyo "shall" ina vituko vyake. Wanasheria wameitumia karne na karne, na tatizo ni kwamba mara inalazimisha, mara inatabiri, na kuna mahali mahakama zimeisoma kama ruhusa tu. Marekani walipoandika upya kanuni zao za kesi za madai za mahakama za shirikisho, zikaanza kutumika Desemba 2007, waliiondoa shall, sehemu nyingi wakaweka must. Kwenye Kanuni ya 56, ile ya jaji kutoa hukumu bila kesi kusikilizwa yote, wakaweka should, na mabishano yakawa makubwa kuhusu kama jaji bado analazimika kuitoa au la, mpaka 2010 wakairudisha shall palepale. Kama watu wenye lugha yao walibishana miaka mitatu juu ya neno moja, wewe usione aibu kuuliza.

Kwa hiyo ukipewa mkataba wa Kiingereza chukua kalamu za rangi mbili. Rangi moja pigia mstari kila must, shall, is required to na agrees to, hizo ni deni lako au la mwenzako, na kila ukipiga mstari jiulize mwenye kubanwa hapo ni nani, mimi au yeye. Rangi nyingine pigia may na should. Angalia sana "may not", maana kwenye mikataba kwa kawaida ni katazo, hairuhusiwi, japo kwenye maongezi inaweza kuwa "huenda isiwe". Na kama mwenzako amekuahidi kitu kwa mdomo afu kwenye karatasi umekikuta kimeandikwa "the company may pay", hiyo haijakuahidi chochote, kampuni ikipenda italipa isipopenda basi. Omba iandikwe "must pay" au "shall pay", na tarehe ya mwisho ya kulipa iwe ndani ya sentensi hiyohiyo, kabla hujasaini.