Uliza Fundi wa Maji: Mita Inazunguka Sisi Tumelala

SWALI: Fundi, tuko watu sita hapa Lanet, Nakuru, na bili ya maji inapanda kila mwezi. Mzee anasema niachane na sukuma wiki zangu, mama mkwe anasema ni watoto wanaochezea mfereji. Mimi nataka tuongeze tangi la pili. Nianzie wapi?
— Mama Sukuma, Lanet

JIBU: Mama, tangi la pili halitakupunguzia bili hata shilingi. Linaweka maji tu. Watoto waache kwanza, na sukuma usizing'oe.

Usiku, tangi likishajaa na kila mtu ameingia kulala, funga mifereji yote kisha usome mita, pamoja na zile tarakimu ndogo za mwisho. Soma tena alfajiri kabla mtu hajaenda msalani. Zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanapotorokea.

Mimi nikiitwa kwa lalamiko kama lako huenda moja kwa moja chooni. Choo cha kuvuta maji kikivuja, mara nyingi hakipigi kelele. Maji huteremka nyuma ya bakuli, membamba kama uzi, na kwenye bakuli jeupe huyaoni. Inua kifuniko cha tangi la choo, tia matone ya rangi ya keki, halafu mtu asivute maji kwa nusu saa. Rangi ikitokea bakulini, ule mpira wa chini umechakaa, badilisha. Angalia na boya pia. Maji yakifika mdomo wa paipu inayosimama katikati, boya liko juu mno, lishushe.

Mfereji wa jikoni unaodondosha tone moja kila sekunde humwaga lita 20 hadi 30 kwa siku. Huo ni mtungi mzima wa mkokoteni, na unajua unavyoulipia wakati wa ukame. Kwa kawaida dawa yake ni washa mpya, kile kipete cha mpira ndani ya mfereji, na hiyo si kazi ya kuniita mimi.

Sasa bustani. Udongo wetu mwepesi wa majivu ya volkano hunywa maji haraka na kukauka haraka. Tandaza mabua ya mahindi au nyasi kavu, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Mwagilia jioni, chini kwenye mizizi, kwa kopo. Kopo lina mwisho wake. Mpira wa kumwagilia ukiachiwa mtoto aliyeitwa na katuni hauna.

SWALI: Maji ya kuoshea vyombo yanafaa mboga?
— Msomaji, Njoro

JIBU: Ya kuoshea mchele na mboga, mwaga popote. Yenye sabuni peleka kwa mgomba, chini, siku hiyohiyo, maana yakilala kwenye ndoo yananuka. Yaliyofua nepi au yenye dawa ya kung'arisha nguo yasikaribie bustani kabisa.

SWALI: Tuna kisima cha kuchimbwa kwa mashine na tangi la mvua la lita 5,000. Ya mvua tunamwagilia miche, ya kisima tunachemsha na kunywa. Tunaokoa vizuri?
— Baba wa Watatu, Kiamunyi

JIBU: Baba, umegeuza mambo. Visima vingi vya huku Bonde la Ufa vina madini ya floridi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale. Ndiyo hutia watoto meno ya kahawia, na hudhuru zaidi wakati meno ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi. Peleka maji ya kisima yakapimwe. Kwa sasa ya mvua yawe ya kunywa na kupikia, nayo uyachemshe, na ya kisima yafanye usafi na choo.

Wala usiogope kwamba ya mvua yataisha upesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 600, ukitoa kidogo kinachorukia nje. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachilie iende, imebeba vumbi na mavi ya ndege. Kabla ya masika panda ngazi ufagie gata, na uweke wavu kwenye mdomo wa tangi mbu wasizaliane humo.