Gia ya Pili Inachomoka

SWALI: Pikipiki yangu ya zamani, Honda CG125, huchomoa gia ya pili nikipandisha mlima kutoka Kibirizi. Je, ni klachi? – Msomaji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, klachi iliyokwisha huifanya injini ivume bila mwendo kuongezeka, lakini gia inayochomoka yenyewe mara nyingi hutokana na meno ya ubavuni mwa gia (yanayoishikanisha na gia ya jirani) yaliyolika kona, au uma wa gia (chuma kinachosukuma gia iingie) uliopinda. Kabla ya kupasua injini mwaga oili ingali moto, kwa kuwa giaboksi na injini hutumia oili moja, kisha ikipoa isugue kati ya vidole: ukihisi vipande vya chuma, usiendelee kuendesha pikipiki. Nakusihi pia, gia zinazoumana zibadilishwe pamoja, maana mpya ikiumana na iliyolika huharibika upesi.