Walimu wawili, kila mmoja na lake: nimfuate nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza kuchora kwa rangi kwa wazee wawili, wote wana uzoefu wa miaka mingi, shida ni kwamba wanapingana kila kitu. Mmoja anasema sehemu za mwanga niziache wazi tangu mwanzo, giza lije mwisho. Mwingine anataka nianze na giza. Mmoja kaniondolea kabisa tyubu ya rangi nyeusi, mwingine anaitumia hadi kwenye sura za watu! Nikimfuata huyu yule ananuna. Nimwache nani?

JIBU: Marahaba. Usimwache yeyote kwanza, kuna kitu hukuandika, wanachora kwa rangi gani? Maana ukisoma hiyo barua yako unaona kabisa wa kwanza ni mtu wa rangi za maji na wa pili ni wa mafuta, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi.

Rangi ya maji inapitisha mwanga, ule weupe unaouona kwenye picha ni karatasi yenyewe, ukishaifunika na giza kuirudisha ni kazi kweli kweli. Mafuta ni kinyume, nyeupe unaipaka juu na inafunika, ndo maana wengi huanza na giza jepesi lililozimuliwa halafu mwanga unakuja juu ukiwa mzito. Tena kuna sababu nyingine, tabaka lenye mafuta mengi linatakiwa liwe juu ya lile lenye mafuta kidogo, ukigeuza la juu linakauka mapema wakati la chini bado linacheza, baadaye picha inapasuka nyufa. Siku ukigusa akriliki, yaani rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji, utaambiwa mambo mengine tena, ile inakauka haraka na ikikauka inakolea kidogo, usiihukumu ikiwa mbichi.

Nyeusi sasa. Anders Zorn, mchoraji wa Sweden aliyefariki 1920, anajulikana kwa kuchora watu kwa rangi chache tu: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Nyeusi ukiichanganya na njano unapata kijani fulani kilichopoa, ukiichanganya na nyeupe ukaiweka karibu na nyekundu jicho linaona kama bluu. Kwa hiyo mzee anayeitumia anajua anachofanya. Na aliyekunyang'anya naye yuko sahihi, sababu mwanafunzi akiwa na nyeusi mkononi kila kivuli anakipaka nyeusi, picha inakuwa kama imepigwa masizi.

Mimi ningekwambia hivi, acha kuuliza "nifanyeje", uliza "kwa nini", na uulize palepale anapopaka, sio baadaye kwenye chai. Halafu wanafunzi wengi wanakodolea mkono wa mwalimu, angalia macho yake bwana! Utaona anatazama muda mrefu kabla brashi haijagusa, na anayafinya, maana ukifinya macho vitu vidogo vidogo vinapotea yanabaki mabonge ya giza na mwanga, hapo ndo anaamua. Na usimpelekee huyu maneno ya yule, tafadhali.

SWALI: Mwalimu wangu kila mara anashika brashi anarekebisha picha yangu yeye mwenyewe. Watu wanaisifia lakini mimi najua macho kayachora yeye. Nimwambieje bila kumkosea adabu?

JIBU: Weka kipande cha karatasi pembeni, akinyoosha mkono mwambie "mwalimu naomba unionyeshe hapa, na mimi nijaribu kwenye yangu". Wengi hawakatai, wengine hata hawajui kama wanakukera. Zamani kwenye karakana za Italia mambo yalikwenda upande mwingine, Leonardo da Vinci akiwa mwanafunzi wa Verrocchio ndiye aliyechora malaika mmoja kwenye picha ya mwalimu wake ya ubatizo wa Kristo, lakini ile ilikuwa kazi ya karakana, inatoka kwa jina la bosi. Ya kwako ni ya kujifunza, makosa yake yakifutwa na mtu mwingine utayarudia tu kwenye picha ijayo. Na hiyo ambayo macho kachora yeye usiisaini.

SWALI: Nikinakili picha za mwalimu ni wizi?

JIBU: Kwa mazoezi hapana, nakili tu, wachoraji wamejifunza hivyo karne na karne. Ila nyuma andika ni nakala ya kazi ya nani, na usiiuze.